Krediti Huhama, Pointi Hubaki

Waheshimiwa walimu, wazazi mliowasindikiza vijana wenu, na nyinyi wanafunzi wapya ambao bado mna uchovu wa foleni ya usajili, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie GPA, yaani wastani wa pointi za gredi zako, na uhamishaji wa krediti, vile vipimo vya uzito wa kozi, kutoka chuo kimoja kwenda kingine. Aliyenitangulia alizungumzia michezo akapigiwa makofi. Mimi nimekuja na hesabu za kugawanya. Mnivumilie. Nimekaa nyuma ya dirisha la msajili miaka mingi, na wengi waliolia mbele yangu walikuwa wamefaulu masomo yao. Kilichowaliza ni kwamba hawakujua hesabu inavyopigwa mpaka siku waliyoihitaji, na siku hiyo haikuwa na la kufanya tena.

Kuna kijana mmoja simsahau. Alikuja siku matokeo ya muhula wa kwanza yalipobandikwa, ana hasira mpaka salamu ikampotea. "Mzee, mmenikosea." Kwenye karatasi alikuwa ameandika gredi zake tano: C, B, B+, A na A. Kazigeuza kuwa pointi kama mwongozo wa chuo unavyosema: C ni 2.0, B ni 3.0, B+ ni 3.3, A ni 4.0. Kajumlisha akapata 16.3, kagawa kwa 5, ikaja 3.26. Matokeo yetu yalisema 2.91. Mfadhili wake alitaka asishuke chini ya 3.0. Sasa mnaelewa kwa nini mkono ulikuwa unatetemeka.

Nikamvutia kiti, nikampa kalamu. Nikamwambia, pembeni ya kila gredi andika krediti za kozi hiyo. Ile ya C ilikuwa na krediti 4. Ya B ilikuwa na 3, ya B+ nayo 3. Zile A mbili zilizompendeza sana, moja ilikuwa maabara ya krediti 1, nyingine semina ya krediti 1. Sasa zidisha: 4 mara 2.0 ni 8. Tatu mara 3.0 ni 9. Tatu mara 3.3 ni 9.9. Halafu 4 na 4. Jumla 34.9. Krediti zote ni 12. Gawa: 2.908, tukaandika 2.91.

Akanyamaza. Kisha akasema neno ambalo nimelisikia mara nyingi mno: "Kwa hiyo zile A zangu hazikuhesabiwa?" Zilihesabiwa, mwanangu. Zilihesabiwa kwa uzito wake. Krediti ni jiwe la mizani, na jiwe la kilo 4 haliwezi kushindana sawa na la kilo 1. Yeye alikuwa amekaza kwenye kozi nyepesi na kulegea kwenye ile nzito.

Hiyo ndiyo GPA nzima. Pointi mara krediti, jumlisha, gawa kwa krediti zote. Mtoto wa darasa la sita anaiweza. Ugumu uko kwenye kanuni zinazoamua nini kiingie kwenye hesabu na nini kikae nje, na kanuni hizo kila chuo kina zake.

Chukua kozi uliyofeli. F ina pointi 0, lakini krediti zake zinabaki chini ya mstari wa kugawanya. Wengi hudhani sifuri haina madhara kwa kuwa haina kitu. Kumbe ndiyo inayokula kuliko gredi nyingine yoyote. Kozi uliyojiondoa rasmi kabla ya tarehe ya mwisho, ile inayoandikwa W, kwa kawaida haiingii kabisa, si juu wala chini ya mstari. Tofauti ya F na W mara nyingi ni fomu moja iliyojazwa kwa wakati. Nimeona vijana walioacha kuhudhuria wakidhani wameshajitoa. Kuacha kwenda darasani si kujiondoa, jamani. Kompyuta haijui kwamba ulikata tamaa.

Na ukirudia kozi? Hapa ndipo ugomvi mwingi wa dirishani unapozaliwa. Tuseme ulipata F kwenye kozi ya krediti 3, ukairudia ukapata B. Kuna chuo kinachofuta ile F kwenye hesabu na kuweka B, kwa hiyo una pointi 9 kwa krediti 3, yaani 3.0. Kuna kinachohesabu majaribio yote mawili: pointi 9 kwa krediti 6, yaani 1.5. Na kuna kinachosema aliyesapu, yaani aliyerudia mtihani baada ya kufeli, hapewi zaidi ya gredi ya kufaulu tu, hata angejibu swali kumshinda aliyelitunga. Hapo B yako inaandikwa C, na wastani wa kozi ni 2.0. Mwanafunzi yuleyule, akili ileile, karatasi ileile ya mtihani, majibu matatu. Msiulize wenzenu wa chuo kingine wao walifanyiwaje. Fungueni mwongozo wenu wenyewe.

Hata kukata desimali kuna siasa zake. Mwenye 2.996, chuo kinachokadiria kitampa 3.00, na chuo kinachokata tu bila kukadiria kitamwandikia 2.99. Nimewahi kuona mtu akikosa daraja kwa tarakimu hiyo ya tatu. Sikuwa na la kumwambia.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo naliona ni zito kuliko yote, hasa kwenu mnaoanza leo. GPA ya jumla haichukui wastani wa mihula. Turudi kwa kijana wetu. Muhula wa pili alichukua krediti 18 akapata 3.5, yaani pointi 63. Akaja tena, safari hii kaamkia vizuri, kachanganya 2.91 na 3.5, kagawa kwa mbili, kapata 3.205. Nikamwambia rudia: pointi 34.9 na 63 ni 97.9, krediti 12 na 18 ni 30, gawa, ni 3.26. Muhula mzito ulimbeba. Alicheka peke yake kama mtu aliyeokota hela.

Lakini mizani hiyo hiyo huwageuka wanaochelewa. Mwenye GPA ya 2.6 baada ya krediti 30 ana pointi 78. Akitaka amalize shahada ya krediti 120 akiwa na 3.0, anahitaji pointi 360, kwa hiyo 282 zilizobaki azipate kwenye krediti 90. Hiyo ni 3.13. Anaweza, itabidi aache mchezo, lakini anaweza. Mwenzake ana 2.6 ileile, ila ameshafikisha krediti 90. Ana pointi 234, anahitaji 126, na amebakiwa na krediti 30. Gawa mwenyewe: 4.2. Kwenye mizani inayoishia 4.0, hakuna 4.2. Hata akipata A tupu mpaka siku ya mahafali, hafiki. Huyu wa pili ndiye aliyekuwa akija kwangu mwaka wa mwisho, kadhamiria kweli, kanunua na saa ya kumwamsha alfajiri. Nilitamani kila mara mtu angemwonyesha mgawanyo ule miaka miwili kabla.

Haya, tugeukie kuhama.

Mtu huuliza: kwa nini vyuo vina krediti, kwani zamani watu hawakusoma? Walisoma. Krediti kama tunavyozijua zilikua Marekani, na sehemu ya chimbuko lake itawashangaza: pensheni za walimu. Mwaka 1905 Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ili maprofesa wa vyuo walipwe pensheni. Taasisi iliyozisimamia ikabidi iamue kwanza chuo ni kitu gani, na sharti moja likawa kwamba wanaodahiliwa wawe wametimiza idadi fulani ya vipimo vya masomo ya sekondari, kila kipimo saa 120 za darasani. Vyuo vilivyotaka pensheni vikafuata. Muda si mrefu kuhesabu elimu kwa saa kukawa ndiyo desturi ya vyuo vyenyewe pia. Kwa hiyo ukilalamika kwamba krediti inapima muda uliokaa darasani na haipimi ulichokielewa, una hoja, na hoja hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 100.

Tatizo la msafiri ni kwamba saa hizo hazilingani kila mahali. Kwa desturi ya Marekani, krediti 1 ya muhula ni saa moja ya darasani kwa wiki na kama saa mbili za kujisomea, kwa wiki zipatazo 15. Ulaya walianza mfumo wao wa krediti uitwao ECTS mwaka 1989, ili wanafunzi wa Erasmus, mpango wao wa kubadilishana wanafunzi, wakienda nchi nyingine masomo yao yatambuliwe nyumbani. Mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi yote, darasani na chumbani. Uingereza mwaka mmoja ni krediti 120, kila moja saa 10. Mtu akija na krediti 120 mkononi, swali la kwanza la ofisi ni: 120 za wapi? Za Uingereza ni mwaka mmoja. Za Ulaya bara ni miaka miwili. Za Marekani ni shahada nzima.

Hata ndani ya nchi moja kuna mitego. Marekani kuna vyuo vya mihula miwili mikuu na vyuo vinavyogawa mwaka kwa vipindi vifupi vya wiki kama 10. Krediti 1 ya kipindi kifupi ni theluthi mbili ya krediti ya muhula. Kozi yako ya krediti 4 inageuka 2.67, na chuo kipya kinadai kozi hiyo iwe na 3. Umesoma, umefaulu, na bado umepungukiwa na theluthi moja ya krediti. Wapo ofisi zinazosamehe, wapo wasiosamehe.

Tuseme saa zimelingana. Ofisi itaangalia kama chuo ulichotoka kina ithibati inayotambulika. Kisha gredi: vyuo vingi havipokei kozi yenye chini ya C, hata kama ulikotoka D ilikuwa ni kufaulu. Kisha umri wa kozi, maana programu ya kompyuta uliyosoma zamani sana huenda haina anayeitumia. Kisha maudhui, na hapo faili linaondoka kwa msajili na kwenda idarani, kwa mwalimu anayefundisha kozi kama hiyo, ambaye atataka kuona silabasi yako. Jina la kozi halimsaidii. "Utangulizi wa Takwimu" inaweza kuwa wiki 15 za hesabu ngumu au wiki 15 za kuchora chati.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wekeni silabasi ya kila kozi, tangu wiki ya kwanza ya muhula wa kwanza, yenye mada za kila wiki, vitabu na idadi ya saa. Nimeshuhudia mwanafunzi akirudi kwenye chuo chake cha zamani kutafuta silabasi ya miaka minne nyuma, mwalimu keshastaafu, idara imeunganishwa na nyingine, na katibu anamwambia arudi wiki ijayo. Faili moja kwenye simu lingemwepusha na safari zote hizo.

Na hapa sikilizeni kwa makini, wazazi hasa. Barua ikija ikisema "tumekubali krediti zako 60", msisherehekee bado. Ulizeni zimekubaliwa kama nini. Krediti inaweza kuingia kwenye rekodi kama kozi ya hiari tu, isiyolingana na kozi yoyote ya lazima ya fani yako. Inaonekana kwenye karatasi, inahesabika kwenye jumla, lakini kozi za lazima zinakusubiri zote palepale. Mtu ana krediti 60 na bado ana miaka mitatu na nusu mbele yake. Juu ya hayo, chuo kinachotoa shahada hutaka sehemu fulani ya masomo isomwe kwake, mara nyingi krediti 30 hivi au robo ya shahada, kwa sababu jina lililoandikwa kwenye cheti ni lake. Mwaka 2017 ofisi ya serikali ya Marekani inayokagua mambo kwa niaba ya Bunge, GAO, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Karibu nusu! Na hao wengi walihama ndani ya nchi moja, lugha moja.

Ulizeni mapema, kabla ya kulipa ada: kozi hii itakaa wapi kwenye shahada yangu? Mkijibiwa kwa mdomo, ombeni maandishi.

Nilisema kwenye kichwa cha maneno haya kwamba krediti huhama na pointi hubaki. Mahali pengi kozi iliyohamishwa huandikwa na alama ya uhamisho bila gredi. Inakupunguzia kozi za kusoma, lakini haiingii kwenye GPA ya chuo kipya. Unaanza upya, bila kitu. Aliyetoka na 3.9 huumia, maana jasho lake halionekani. Aliyetoka na 2.1 hushusha pumzi. Mimi huwaambia wote wawili wasikimbilie kulia wala kucheka. Wa kwanza ajue kwamba akianza na krediti sifuri, muhula mmoja mbaya ndio GPA yake yote. Wa pili ajue kwamba zile pointi alizoziacha nyuma hazijafa. Marekani, kwa mfano, anayeomba shule ya udaktari au ya sheria hutakiwa kupeleka rekodi za kila chuo alichosoma, na asasi zinazopokea maombi hayo hupiga hesabu yao wenyewe kwa zote. Kwa udaktari, hata kozi iliyorudiwa huhesabiwa mara zote mbili, haidhuru chuo chako kilikufutia.

Kuvuka mpaka ni habari nyingine. Ujerumani gredi bora ni 1.0 na ya mwisho ya kufaulu ni 4.0, kwa hiyo anayekuonyesha 1.3 kwa furaha usimpe pole. Denmark, tangu 2007, mizani inaanzia 12 na kushuka mpaka hasi 3. Ndiyo, kuna watu wanapewa gredi iliyo chini ya sifuri. Kugeuza gredi za kigeni, Wajerumani hutumia kanuni iitwayo ya Bavaria: toa gredi yako kwenye gredi ya juu kabisa ya kwenu, gawa kwa tofauti ya gredi ya juu na gredi ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1.

Tuipige. Una 3.0 kwenye mizani ya 4.0, na kwenu kufaulu ni 2.0. Nne toa tatu ni 1. Nne toa mbili ni 2. Nusu mara 3 ni 1.5, ongeza 1, umepata 2.5. Sasa tuseme karatasi uliyopeleka inaonyesha kwamba kufaulu kwenu ni 1.0. Moja kwa tatu, mara 3, ongeza 1: umepata 2.0. GPA ni ileile, mtu ni yuleyule, na kilichobadilika ni mstari mmoja mdogo nyuma ya transkripti, ile karatasi rasmi ya matokeo yako, unaoeleza gredi ya kufaulu. Ndiyo maana nikiwa dirishani nilikuwa nawaambia: mkichukua transkripti, geuzeni na nyuma. Kama maelezo ya mizani hayapo, irudisheni.

Mataifa yamejaribu kuweka utaratibu. Mkataba wa Arusha wa 1981 ulikuwa wa nchi za Afrika kutambuliana masomo, ukafanyiwa marekebisho Addis Ababa mwaka 2014. Ule wa Lisbon wa 1997, wa Ulaya na majirani zake, una wazo moja ninalolipenda: anayekataa ndiye anayepaswa kuonyesha tofauti kubwa iliyopo, mwombaji asibebeshwe mzigo wa kuthibitisha usawa. Kwenye dirisha la kawaida, siku ya kawaida, hilo bado halijafika kila mahali. Kwa hiyo mkikataliwa krediti, ombeni sababu kwa maandishi na muulize njia ya rufaa. Rufaa ipo mara nyingi kuliko mnavyodhani, na nilipokuwa kazini waliokuja na silabasi mkononi hawakuondoka mikono mitupu wote.

Yule kijana wa 2.91 aliniuliza swali kabla hajanyanyuka kitini. Angepata C+ kwenye ile kozi nzito, ingekuwaje? Tukaipiga pale pale: 4 mara 2.3 ni 9.2, jumla 36.1, gawa kwa 12, 3.01. Ufadhili ungebaki, kwa hatua moja ya gredi kwenye kozi moja. Alikwenda kwa mwalimu wake kuomba kuona karatasi, na zoezi moja la darasani lilikuwa halijaingizwa.

Basi, toeni kalamu. Kwenye ratiba mliyopewa asubuhi kuna namba pembeni ya kila kozi. Izungushieni duara, kisha mniambie ya nani ni kubwa kuliko zote na inafundishwa siku gani.